Kumpita Mzee Sanga

Mliniuliza bwenini, nyote mliojazana juu ya kitanda changu siku ile tumefungua shule, likizo nilifanya nini mpaka mashavu ya miguu yakawa magumu hivi. Nikawajibu, "Nilisafiri kidogo." Mkacheka, mkaenda zenu kuteka maji. Mnanijua, nikizungukwa na watu maneno yananikauka. Kwa hiyo nimeandika. Pokezaneni, ila mtu asinisomee kwa sauti nikiwepo.

Tulitoka kwetu Lushoto kwa baiskeli mpaka Amani, ile Usambara ya upande wa mashariki. Tulikuwa watatu. Wa kwanza kaka yangu Shafii, ambaye mmemwona siku za kutembelewa, yule mrefu aliyeleta plamsi ndoo nzima. Tangu amalize shule kazi yake ni kushusha kabichi na karoti kwa baiskeli. Wa pili Hoza, fundi baiskeli mwenye kibanda nyuma ya soko, rafiki wa Shafii tangu darasa la kwanza. Wa tatu mimi, Zaina wenu.

Sasa mjue kwanza tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Kila mwaka mvua zikishakatika, wapenda baiskeli wa kwetu huenda kuupanda mlima wa Amani. Hakuna kikombe wala cheti. Juu kabisa, mbele ya nyumba ya Mzee Sanga, imening'inizwa rimu kuukuu ya lori, na anayefika wa kwanza anaigonga kwa kipande cha nondo. Inalia mpaka kwenye mashamba ya chai, wachumaji wanainua vichwa. Mzee Sanga ni mstaafu wa shamba la chai, kwao Njombe, na baiskeli yake ni ile nyeusi ya mzigo isiyo na gia hata moja. Lakini kila mwaka anayeigonga ile rimu ni yeye. Kaka yangu hajawahi kuigonga. Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu amepata kazi ya udereva Geita na alikuwa anaondoka mara tu tukirudi.

"Mama, nikiondoka bila kuigonga ile rimu, nitakuwa nimeendesha baiskeli bure maisha yangu yote," alisema jikoni.

"Na hao wanaokula kabichi zako," mama akamjibu, "nao wamekula bure?"

Lushoto kushuka Mombo

Miaka mingine wenzetu hupakia baiskeli kwenye lori la mboga mpaka Muheza, wakaanzia huko. Shafii akasema safari hii hapana, ya mwisho ni ya mwisho, tunakanyaga kuanzia mlangoni kwetu. Hoza akafurahi, akatuita kibandani kutuandalia baiskeli. Hoza ana dini yake moja tu, inaitwa uzito.

"Baiskeli ni uzito, Mgosi," alimwambia Shafii, maana sisi Wasambaa tukitaniana mwanamume ni Mgosi tu, awe na ndevu au asiwe nazo. "Kitu kisichokusaidia kupanda ni mzigo. Kengele, toa. Keria, toa. Madigadi, toa."

"Toa na mdomo wako basi. Ndio mzito kuliko vyote."

Hoza alikuwa ameshashika spana. Akaenda mpaka mbele, penye sahani zile mbili za meno zinazovuta mnyororo, kubwa na ndogo. Akaing'oa ile kubwa. Baiskeli zote tatu.

"Hii ya nini?" alisema. "Mlima ukipanda unatumia ndogo. Ukishuka hukanyagi kabisa. Hii kubwa ni urembo."

Hakuna aliyembishia. Kwetu barabara ni mbili tu, ya kupanda na ya kushuka. Nikamwona anazitundika zile sahani kwenye msumari ukutani, zinang'aa, tukaondoka.

Kuteremka kwenda Soni kulikuwa na ukungu, mikono inaganda kwenye breki. Nilikuwa nyuma yao, nikimtazama Shafii anavyoilaza baiskeli kwenye kona, goti limefunguka kama mlango. Kila kona anaijua. Kwenye kona moja akanyoosha kidole bila kugeuka: hapo ndipo alipowahi kumwaga karoti zote korongoni. Kwenye nyingine: hapo ndipo alipokuwa akikata tawi la kufunga nyuma ya baiskeli, liburute na kumpunguzia mwendo, breki zikipata moto.

Soni tulikaa mno. Kila mtu anamjua. Mama muuza pichesi, wapiga debe, mzee wa kunoa visu, wote, "Eti kweli unaondoka?" Anashuka, anaamkia, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, anauliza na yeye. Hoza akawa analalamika misuli inapoa. Mimi nilishika baiskeli ya kaka na kutazama maporomoko, nikijifanya niko bize nayo.

Tulipofika Mombo joto likatupokea kama mtu kafungua tanuri. Tukala mahindi ya kuchoma na machungwa kando ya barabara kuu, mabasi yakipita na vumbi lake. Hapo bado tulikuwa tunacheka.

Mombo mpaka Korogwe, au cherehani

Nadhani mmeshaelewa kabla yetu. Ile barabara ni tambarare. Mkonge kushoto, mkonge kulia, na lami imenyooka mpaka inatetemeka kwa joto. Na sisi tuna sahani ndogo peke yake.

Tukakanyaga. Miguu inazunguka haraka haraka, baiskeli haiendi. Unazungusha mpaka unaruka juu ya kiti, ukitazama pembeni, mkonge ni uleule. Hoza akawa anautazama mnyororo wake tu.

Nyuma yetu ikasikika kengele. Akaja kijana amebeba magunia ya mkaa, yamefungwa mpaka juu ya kichwa chake, anakanyaga taratibu kama anayetafakari. Akatufikia. Akatutazama miguu, akatazama jezi zetu za kubana.

"Poleni na kushona," akasema.

"Tunashona nini?" Hoza akauliza.

"Si cherehani hizo? Miguu inapiga tu, kitambaa hakisogei."

Akatupita. Na mkaa wake. Kengele aliipiga tena akiwa mbele, nadhani kwa furaha tu.

Shafii alicheka mpaka akashuka chini, akakaa kwenye majani. "Urembo!" akawa anasema. "Hoza, ule urembo uko wapi? Uko msumarini!"

"Tucheke basi, tucheke," Hoza akasema, naye ameshikwa na kicheko. "Lakini mlimani mtanishukuru."

Nitawaambia ukweli, baadaye nililia kidogo. Si kwa maumivu, ingawa nilikuwa nimekalia upande mmoja tangu tuuache mji. Nililia kwa kuwaona wale wawili mbele yangu, wanabishana ni tairi gani nyembamba inafaa kwenye changarawe, mabishano yaleyale niliyoyasikia tangu nikiwa mdogo nimekaa kwenye keria ya kaka. Nikajua nayasikia kwa mara za mwisho. Jasho linasaidia, hakuna anayejua yapi ni machozi.

Korogwe tuliingia tumechoka, tukaketi kwa mama lishe tukaagiza wali maharage. Jezi ya Hoza ni ya mtumba, nyeupe, ina msalaba mwekundu na maandishi ya lugha asiyoijua mtu. Mama mmoja akaja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo daktari. Nyie ndio wa chanjo?"

Hoza akakaa wima. Mtu hajawahi kumwita daktari. Nikamwona anavyojaribiwa.

"Mimi daktari wa baiskeli, mama," akasema mwishowe. "Wa chanjo sijawaona."

Yule mama hakuondoka. Akasema basi, baiskeli ya mume wake ina spoku zimekatika. Ikaletwa. Hoza akaitengeneza palepale, wali wake ukapoa, akaugawa nusu kwa mtoto. Tukalala Korogwe.

Muheza, kwa shangazi

Siku ya pili ilikuwa ya kushona pia, mpaka Segera na kukunja kuelekea Tanga, na pancha ya Shafii iliyotuweka chini ya mkorosho huku watoto wanatutazama kama sinema. Tulifika Muheza kwa shangazi kabla jua halijazama. Shangazi aliolewa na Mbondei na anapika bada, ule ugali mweusi wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Nilikula mpaka nikaona aibu, halafu nikaongeza.

Tukiwa mkekani pale uani yakaanza: kwa nini Mzee Sanga hashindiki?

"Ni presha ya tairi," Hoza akasema. "Yule mzee anajaza mpaka tairi inakuwa jiwe."

"Siyo tairi," Shafii akasema. "Mwaka jana nilimfikia. Ile kona ya kwanza ya chai, nikamfikia kabisa. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza mama hajambo, mvua za kwenu zikoje, viazi vimeota? Mpaka namaliza kumjibu, pumzi imekwisha, yeye huyo anakwenda."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi nilimfikia darajani. Nikamwamkia..."

Nikatazama sahani yangu. Nikaona kitu ambacho wao, kwa kupenda vyuma, hawakukiona. Mjue, Mzee Sanga huwa haonekani asubuhi. Anatangulia kwa heshima ya umri, wenzake wanaanza baadaye. Kwa hiyo kila anayemfikia huko juu hajamwamkia siku hiyo. Na nani kwetu anampita mzee bila shikamoo? Na ukishaamkia huwezi kuchomoka mpaka yeye mwenyewe aseme, haya, tangulia. Mzee Sanga haisemi hiyo haya mpaka awe anaiona nyumba yake.

Nikasema, "Ni salamu."

Wakaendelea na tairi.

"Mtoto kasema kitu," shangazi akasema.

Wakanigeukia wote, na nyie mnajua hali yangu hapo. Nikaeleza nikiwa natazama samaki. Halafu Hoza akapiga goti lake. "Yule mzee! Miaka yote napunguza uzito, kumbe uzito ni marahaba!"

"Basi kesho umpite kama gari," shangazi akamwambia Shafii.

"Shangazi, nimpite mzee kimya? Nitarudije huko?" Halafu akakumbuka mwakani hayupo, akashusha sauti.

Shangazi ndiye aliyetoa njia. Salamu zinatumwa, akasema. Mtu akizipeleka na zikapokelewa, zimefika, anayekuja nyuma anaomba njia tu. Na mpelekaji ni huyu hapa, mwepesi kuliko nyinyi wote. Atangulie, amwamkie mzee, afikishe za kaka yake, kisha amshikilie kwa maongezi.

"Zaina?" Hoza akasema. "Zaina akiamkia hata mende hasikii."

Ni kweli. Tangu utotoni wageni humwambia mama, huyu hajatuamkia, na mimi nimeshaamkia mara mbili.

Shafii hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa rimu yake ya mwisho.

Kupanda Amani

Chini ya mlima tulimkuta mwenye duka, akatuambia wenzetu wa lori bado hawajafika, ila mzee kapita na mkate kwenye keria, anapiga mluzi. Na kweli hapo ile sahani ndogo ikapata kazi yake. Njia ni ya changarawe, inajikunja na kujikunja, msitu unafunga juu, mbega wanaruka, na harufu ya iliki inatoka mashambani. Nikawaacha. Sijui niseme vipi bila kujisifu, lakini mlimani mimi siogopi, kwa sababu hakuna anayetegemea uongee.

Nilimwona penye mwanzo wa chai. Koti kubwa, kofia ya sufu, anakanyaga kwa kusimama, kushoto, kulia, kama anapanda ngazi. Nikafika ubavuni kwake.

"Shikamoo mzee."

Hakuitika. Nikarudia. Akapangusa pua. Nikafikiria Shafii nyuma yangu huko, nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"SHIKAMOO MZEE!"

Msitu mzima ulisikia. Ndege wakaruka. Mzee Sanga nusura aingie mtaroni.

"Marahaba! Marahaba, binti, siyo kiziwi mimi!"

"Na kaka yangu Shafii wa Lushoto anakuamkia, yuko nyuma. Na Hoza fundi, naye anakuamkia."

"Marahaba yao, zimefika." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye mdogo wake? Mama hajambo? Mvua je?"

Nikamjibu. Halafu nikafanya jambo ambalo sikupanga. Nikamuuliza na mimi. "Na huko kwenu Njombe, mzee, hawajambo? Mvua zinanyesha?"

Miguu yake ikapunguza kasi. "Njombe," akasema. "Unajua, hakuna kijana aliyewahi kuniuliza Njombe? Wanajibu tu, wanaangalia mbele." Akaanza kunieleza. Baridi ya kule asubuhi, umande mweupe juu ya majani, ndugu yake anayelima viazi, jinsi alivyokuja Amani kijana kwa msimu mmoja wa chai, ukawa huu wote. Anaongea, anahema. Alipofika kwenye kaburi la mama yake, ambalo hajaliona siku nyingi, akashuka kwenye baiskeli akaanza kuisukuma.

"Haya, binti," akasema. "Tangulia."

Alinipa njia. Nikatangulia, kwa kuwa nimeambiwa. Nilipofika kona ya juu nikasimama, nikatazama chini kati ya mistari ya chai. Nikaona kila kitu kama kiko mezani.

Shafii alikuwa anakuja. Kichwa chini, mabega yametulia, anapanda vile ninavyompenda anavyopanda. Nyuma kabisa Hoza, anajikokota. Shafii akamfikia mzee. Njia nyeupe, mzee anasukuma, na salamu zimeshafika.

"Pita, Mgosi!" Hoza akapiga kelele kutoka chini. "Pita! Zimefika salamu! Pita!"

Shafii akapunguza. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli kiunoni, akamwinamia mzee, akampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Sikuwasikia, lakini niliona mzee anaitika kwa kichwa. Kisha wakaanza kutembea wote wawili, kila mtu anasukuma yake, wanaongea. Hoza akalala chali katikati ya barabara.

Mimi nilifika kwenye rimu peke yangu. Sikuigusa. Nilisimama na nondo mkononi mpaka wakaja.

"Kwa nini hukupita?" nikamuuliza kaka. Nilikuwa na hasira, kwa kweli.

"Nampita vipi mtu anasukuma?" Akapangusa jasho na mkono wa jezi. "Na mwakani, Zaina, nitamwamkia saa ngapi?"

Nikampa nondo. Mzee Sanga akainyakua, akanirudishia mimi. "Aliyefika kwanza ndiye anayegonga. Mimi mwenyewe nimeanguka mwaka huu, sembuse huyu."

Nikagonga. Ikalia kidogo tu, kama kijiko.

"Ndiyo salamu ile ya kwanza hiyo," mzee akasema. "Lete ya tatu."

Shafii akaniangalia, akatabasamu, akaziba masikio. Nikagonga kwa nguvu zangu zote. Chini huko kofia za wachumaji zikainuka, moja, nyingine, nyingine, na mwanamke mmoja akapunga kikapu. Hoza alikuja kufika tumeshamaliza magimbi na chai ya tangawizi ya mke wa mzee, akasema kosa ni la tairi.

Nyumbani

Tulirudi na lori la mboga lililokuwa linapanda tupu, tumelala juu ya magunia. Shafii aliondoka. Hoza alizirudisha sahani kubwa mahali pake, baiskeli ya kaka akaitundika juu kwenye dari ya kibanda, hairuhusu mtu aishike. Mpaka likizo inakwisha, jioni nilikuwa napita, anaanza kubishana kuhusu gololi, ananisubiri nimjibu, nami nikawa namjibu. Siyo vizuri kama Shafii.

Kabla sijarudi shule Shafii alipiga simu. Geita ni tambarare, akasema, ningepaona ningejua ile sahani kubwa ni ya nini. Baiskeli ni nyingi. Siku ya kwanza, akiwa kwenye gari, alimfikia mzee mmoja wa baiskeli barabarani, akapunguza, akamwamkia, akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Mzee akashtuka, akamuuliza, kijana, una shida gani?

Akacheka, lakini kicheko kilikatikia katikati, na haukuwa mtandao.

"Zaina," akasema. "Hebu niamkie."

"Shikamoo kaka."

"Sikusikii."

"Shikamoo kaka."

"Kuna upepo huku. Sikusikii."

Nikatoka uani, nikafunga macho, nikavuta pumzi mpaka tumboni kama kule kwenye chai.

"SHIKAMOO KAKA!"

Kutoka jikoni mama akaitika, "Marahaba." Mzee wa jirani, ng'ambo ya ua, akaitika, "Marahaba." Na mtu aliyekuwa anapita barabarani na mzigo wa kuni, simjui, naye akaitika. Ndipo nikamsikia kaka, mbali sana, wa mwisho kabisa.